Mawe Yaliyochemshwa

Jedida alikuwa ameshika ncha moja ya neti, mwanamume asiyemjua ameshika ncha ya pili, na duka zima la vitambaa sokoni Malindi lilikuwa limeacha shughuli zake likiwatazama. Msimu wa harusi ulikuwa umepamba moto. Wanawake walijazana mlangoni, mwenye duka alipima vitambaa kwa mkono mmoja huku wa pili umeshika muhogo wa kukaanga, na ile neti nyeupe ilikuwa ndiyo iliyobaki kwenye jora.

"Kaka, achilia," Jedida alisema. "Hii ni shela ya bibi harusi."

"Mimi ndiye niliyetangulia kuishika, dada."

"Kwani unaoa?"

"La. Nataka kutilia mawe."

Wanawake waliangua kicheko. Jedida alimtazama vizuri mtu huyu. Alikuwa mrefu, kaptura ya khaki imelowa mpaka mapajani, vifungo vya shati vimepishana, na ncha za vidole vyake zilikuwa zimekunjamana kama za mtu aliyefua nguo kutwa nzima. Jedida mwenyewe alivaa gauni la kitenge cha njano lililomkaa kiunoni sawasawa, maana alikuwa fundi cherehani na mwili wake ndio uliokuwa bango la kazi yake. Hakuwa na haja ya kubishana na mtu mwenye harufu ya dimbwi, lakini yule mtu alikuwa na macho ya kucheka na hakuonyesha dalili ya kuachilia.

"Mawe!" Jedida alisema. "Si ununue neti ya mbu?"

"Neti ya mbu ina dawa. Itaniulia samaki. Mimi ni fundi wa matangi ya samaki, dada. Mawe yanakaa ndani ya chujio, na neti inayazuia yasitawanyike. Naitwa Kombe, kwetu ni Dabaso."

Mkono wa Jedida ulilegea kidogo. "Samaki wangu wanaumwa," alisema, na sauti ikatoka ya upole kuliko alivyotaka. "Maji yanaota ukijani hata nikisugua vipi."

"Huwa unabadilisha maji?"

"Maji ya wapi? Mimi nakaa Muyeye."

Hapo hata mwenye duka alicheka, kwa kuwa mifereji ya Muyeye ilijulikana kwa ukavu wake. Walisikizana papo hapo. Jedida angechukua neti, akate shela yake, na mabaki amshonee Kombe mifuko ya mawe. Kombe naye angekuja kuwaona samaki.

Sasa, kabla hatujafika mbali, mjue jambo moja kuhusu Jedida. Hakuwa mtu wa kusahau. Mteja mmoja aliwahi kumwita "hawa watu wa bara" mbele ya wenzake kwa ule mdomo wa kubenua. Jedida alitabasamu, akamshonea gauni zuri ajabu, ila kiunoni akalibana kiasi kwamba yule mama alihudhuria harusi nzima akiwa amesimama. Ndivyo alivyokuwa. Ukimkanyaga mguu leo, kesho atakutafuta akukanyage wako, kisha mtaamkiana kama kawaida.

Kombe alikuja Jumapili, kavaa suruali kavu. Tangi lilikaa sebuleni chini ya dirisha, zawadi ya bibi mmoja Mtaliano ambaye Jedida alimshonea mapazia kwa miaka mingi, na ambaye alipofunga nyumba yake kurudi kwao alimwachia samaki sita, bapa, wenye mapezi marefu kama riboni. Bibi yule aliwaita malaika. Mkubwa wao, mwenye mistari myeusi na majivuno, Jedida alimwita Chifu.

Kombe alichota maji kwenye kichupa, akadondoshea dawa, akakitikisa. Maji yaligeuka mekundu.

"Ni mbaya?" Jedida aliuliza.

"Nitrati imejaa. Samaki anakunya, sivyo?"

"Kombe! Ni Jumapili."

"Hata Jumapili anakunya. Kile kinyesi ni sumu. Kuna bakteria wanakigeuza, lakini mwisho wake wanatoa nitrati. Nitrati haiui siku moja. Inakaa, inarundikana, samaki anadhoofu, ukijani unanenepa. Mwenye maji ya kutosha huyabadilisha kila wiki, nayo inapungua. Wewe mfereji wako ukikohoa tu unashukuru."

"Na kisima cha ploti?"

"Kisima na vyoo vimepakana. Maji yale yana nitrati hata kabla samaki hajayaonja." Alikuwa amekwisha kupiga magoti, mkono ndani ya chujio mpaka kwapani. "Hapa dawa ni kuwatafutia nyumba bakteria wa aina ya pili. Hao hawataki hewa. Wanajificha ndani kabisa ya jiwe, maji yanawafikia taratibu, na chakula chao ni hiyo nitrati yenyewe."

Alitandaza vitu vyake mezani kama mchuuzi. Mipira ya plastiki yenye vijitundu, aliisukuma pembeni: maji huipita mbio, bakteria wa kwanza huipenda, wa pili hawana pa kujibanza, na ukiitegemea peke yake utatengeneza nitrati badala ya kuimaliza. Matumbawe: ukiyaokota utakamatwa na askari wa hifadhi ya bahari, tena yatayafanya maji kuwa magumu, na malaika hawapendi. Pete za kauri zingefaa, lakini nyingi zilizofika madukani zilikuwa ngumu ndani, tundu ziko juu juu tu.

Jedida aliinuka akaingia bafuni, akarudi na jiwe la kijivu lililotoboka toboka.

"Na hili?"

Kombe alilipokea, akaliweka mdomoni akapuliza, pumzi ikatokea upande wa pili. Alilitia kwenye bakuli la maji, likaelea huku likitoa vipovu kutoka kila tundu.

"Umelipata wapi hili, Jedida?"

"Kwetu Longonot. Yamejaa shambani. Tunasugulia visigino."

Alimtazama Jedida, akatazama jiwe, akamtazama tena. "Mimi nimehangaika miaka, kumbe dawa iko bafuni kwa mwanamke mzuri anasugulia kisigino."

"Nani amekwambia mimi ni mzuri?"

"Nimejionea. Kisigino tu ndicho sijakiona."

Jedida alimpiga na kitambaa cha mezani, na mambo yakaanzia hapo.

Mwaura, kaka yake, alituma gunia kwa lori la viazi. Siku lilipofika Kombe alimfundisha kazi. Yale mawe yalichemshwa kwanza ili hewa itoke na yazame. "Lakini yakishaingia tangini," Kombe alisema, akimshika mabega kumkazia, "usiyachemshe tena. Wala usiyasuuze kwa maji ya mfereji yenye dawa. Yataonekana machafu, yana utelezi, yana rangi ya matope. Huo uchafu ndio uhai. Ukiutoa, umeua tangi zima na hutaona damu."

Jedida alisikia, akaweka moyoni.

Alishona mifuko miwili, akaifunga midomo kwa uzi mwekundu wa kwenda upogo, mshono wake mwenyewe asioufundisha mtu. Mmoja uliwekwa mbele palipo na mkondo wa nguvu, mwingine ukawekwa nyuma kabisa, maji yanapopita kwa kunyatia. Wiki zilipita, kichupa kikapungua wekundu, kikawa rangi ya chungwa, mwishowe kikawa njano kama chai ya tangawizi. Chifu akarudia majivuno yake. Na Kombe akawa anakuja hata siku ambazo tangi halikuwa na shida yoyote.

"Roho yangu, umekula?" alikuwa akimpigia simu mchana.

"Nimekula. Wewe uko wapi?"

"Niko Watamu ndani ya tangi la mzungu, nusu yangu imelowa. Nimekukumbuka."

"Umenikumbuka mimi au mawe yangu?"

"Yote mawili, ila mawe hayanijibu vibaya."

Siku ya kuzaliwa ya Kombe, Jedida alimshonea shati la buluu la kola ndogo, mifuko miwili kifuani. Kombe alilivaa mpaka jirani wakamuuliza kama ana lingine. Watu wa Muyeye wakazoea kumwita shemeji, naye akazoea kuitika.

Halafu asubuhi moja Kombe alikuja akiwa kimya. Alipiga magoti penye chujio, akautoa mfuko wa nyuma, akautia ndooni pamoja na maji yake.

"Unaupeleka wapi?"

"Nyumbani, nikaukague. Nimekuwekea mipira hii kwa muda."

"Ile ya plastiki? Si ulisema ni bure?"

"Ni kwa muda tu, mpenzi. Niamini."

Jedida alimwamini. Hilo ndilo lililomuuma zaidi baadaye.

Kichupa kilirudi rangi ya chungwa, kikapanda. Jedida alipiga simu. "Nakuja kesho, roho yangu." Kesho haikuja na mtu. Alipiga tena: "Niko Kilifi, kazi imenishika, nitakuja." Ukijani ulitambaa kwenye kioo. Kichupa kikawa chekundu kabisa, Chifu akakunja mapezi na kusimama pembeni bila kula. Siku ambayo Jedida alipiga simu akaambiwa mteja hapatikani, Chifu alikuwa ubavu juu kwenye mchanga. Alimfunga katika kipande cha satini nyeupe kilichobaki kwenye shela ya mtu, akamzika nyuma ya nyumba. Hakulia. Alinyamaza, na Jedida akinyamaza, wanaomjua hukaa mbali.

Wiki hiyo hiyo alipata kazi Kilifi. Bridgit, mwanamke wa bara mwenye nyumba ya wageni juu ya mkono wa bahari, alikuwa na sherehe ya uchumba Jumamosi na alitaka gauni la kijani kibichi lenye mgongo wazi. Jedida alilipeleka alipolimaliza, ili alijaribu. Mlango ulipofunguliwa, jambo la kwanza aliloliona lilikuwa tangi refu kama kitanda, maji yake meupe pe, samaki wanametameta. Jambo la pili lilikuwa mfuko wa neti ndani ya chujio la kioo pembeni, umefungwa kwa uzi mwekundu wa upogo.

"Limependeza, eh?" Bridgit alisema, akigeuka mbele ya kioo. "Na hilo tangi unalolitazama lilitaka kuniaibisha. Maji mabaya, samaki wanakufa. Kombe akalifufua. Yule kijana ana mikono jamani!"

"Ana mikono," Jedida alisema, pini mdomoni.

Simu ya Bridgit ililia. "Niambie, Kombe mpenzi. Eh, njoo wakati wowote. Na shati lako limekauka, uje ulichukue."

Jedida aliinua macho. Nje, kwenye ukingo wa roshani, shati la buluu la kola ndogo lilikuwa limeanikwa, mikono yake ikipunga kwa upepo.

Mawe ya kwao, mfuko wake, shati lake, mwanamume wake, vyote viko nyumba moja. Na Chifu yuko chini ya udongo. Angeweza kupiga kelele, lakini kelele huisha. Alitaka kitu kitakachokaa.

"Pindo limezidi kidogo," alisema kwa sauti tamu. "Saluni uliyosema unakwenda, nenda tu, nitalirekebisha hapa hapa."

Bridgit alipotoka, Jedida aliingia jikoni akachagua sufuria kubwa kuliko zote. Aliutoa mfuko, akaufungua, akamimina mawe, akawasha gesi. Maji yalipoanza kutokota, povu la kahawia lilipanda na harufu ya dimbwi ikajaa jikoni. Alisimama pale, mkono kiunoni, akiyakoroga kwa mwiko kama mtu apikaye maharage ya shule. Alijisikia vizuri. Nisiwadanganye, alijisikia vizuri mno. Aliyaacha mpaka yakawa safi kama siku yalipotoka Longonot, akayapoza, akayarudisha mfukoni, akashona mdomo kwa mshono ule ule. Sufuria akaisuuza akaining'iniza. Kisha akaketi karibu na dirisha akamaliza pindo la gauni kwa mishono midogo iliyonyooka.

Kombe alimpigia simu kesho yake. "Mbona tangu asubuhi hupokei, roho yangu? Najua nimekukosea, nitakueleza. Jumamosi njoo Kilifi, kuna sherehe kwa mteja wangu, wenye mahoteli watakuwepo. Nataka uone kazi yangu."

"Nitakuja," Jedida alisema. "Sitakosa."

Jumamosi mchana alivaa gauni jekundu alilojishonea kwa ajili ya siku hiyo tu, hereni ndefu, nywele zimesukwa juu. Nyumba ya Bridgit ilijaa watu, pilau inapita, muziki unapiga polepole. Bridgit alikuwa katikati ya sebule na gauni lake la kijani, ameegemea bega la mwanamume mnene wa miwani.

"Jedida, njoo! Huyu ndiye Mwenda, mchumba wangu. Amefika jana kutoka Meru. Mwenda, huyu ndiye aliyeshona gauni."

"Mchumba wako," Jedida alirudia.

"Kwani ulidhani navishwa pete na nani?"

Jedida aligeuza macho taratibu mpaka ukutani. Maji ya tangi yalikuwa yamechafuka kama maji yaliyooshewa mchele. Samaki wote walikuwa juu, midomo nje, wanahema. Mmoja alikuwa tayari amepinduka. Na Kombe, katika shati la buluu, alikuwa magotini mikono imezama, akichota maji kwa haraka na kumimina mengine, wageni wamemzunguka.

"Mbele ya wageni wangu, Kombe!" Bridgit alipaza sauti. "Si uliniambia limepona? Nimewaita watu waje waone kazi yako, wewe unanionyesha mizoga!"

Kombe alikuwa ameutoa mfuko. Aliufungua, akatoa jiwe moja, akalipitishia kidole. Halikuwa na utelezi. Lilikuwa la kijivu, safi kama limetoka shambani. Alilinusa. Halafu akainua kichwa, akatafuta katikati ya watu mpaka macho yake yakatua juu ya gauni jekundu mlangoni.

Jedida alimkazia macho. Hii ndiyo saa aliyokuwa ameiandalia hereni. Alisubiri Kombe anyooshe kidole, aseme ni yeye, ili naye amjibu mbele ya wote, aseme mwizi ni nani.

"Kosa ni langu," Kombe alisema. "Mawe niliyatunza vibaya. Dada Bridgit, niwie radhi."

Mwenye hoteli mmoja aligeuza mgongo akarudi kwenye sahani yake. Mwingine akamfuata. Kombe aliendelea kuchota maji peke yake.

Jedida alimkuta nje penye tangi la maji ya mvua, anajaza ndoo.

"Ulijua ni mimi."

"Nani mwingine? Pwani nzima ni mtu mmoja niliyemfundisha."

"Mbona hukusema?"

"Ningesemaje? Ningesema umechemsha mawe, wangeuliza mawe ni ya nani." Aliweka ndoo chini. "Nilikuibia, Jedida. Tangi hili nililifunga kwa haraka, nikatia mipira ya plastiki, ile ile niliyokuambia ni bure. Likaharibika. Bridgit akasema atanitangaza kila mahali. Nikachukua mawe yako yaliyokwisha kukomaa, kwa kuwa mapya yangechukua miezi. Nilisema nitayarudisha kabla hujaona tofauti."

"Ungeniomba!"

"Niliona haya. Wewe ulikuwa unanisifu kwa kila mteja anayekuja kupimwa. Nikashindwa kukuambia mimi mwenyewe nimefanya ujinga niliokukataza."

"Na shati?"

"Nililowa. Nikaondoka na fulana ya Mwenda aliyoiacha hapa."

"Na mpenzi je? Amekuita mpenzi nasikia."

"Bridgit humwita mpenzi hata muuza maji."

Hasira ya Jedida ilikuwa bado ipo, ila ilikuwa imekosa pa kukaa. "Chifu amekufa," alisema.

Kombe alimtazama. Hakuwa anajua. "Lini?"

"Siku uliyozima simu."

Aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akafunika uso kwa viganja vilivyokunjamana.

"Nilitaka wakutukane," Jedida alisema, na sasa machozi yalikuwa yanamtoka na alichukia kwamba yanamtoka. "Nilishona gauni zima la kuja kutazama ukitukanwa. Nawe unasimama pale unajitwika kila kitu kama mtakatifu! Umeninyang'anya mawe, umeninyang'anya Chifu, sasa umeninyang'anya hata kisasi changu."

"Unataka nirudi ndani niwaambie?"

"Mimi si mtu wa kusemewa. Nitasema mwenyewe."

Akaingia ndani, akasimama katikati ya sebule. "Bridgit, Kombe hakutunza vibaya chochote. Mawe niliyachemsha mimi, siku niliyoleta gauni. Yalikuwa yangu, aliniibia, nikalipiza. Samaki wako hawakuwa na hatia."

Muziki ulikuwa bado unapiga. Bridgit alimsogelea.

"Uliyachemshia kwenye nini?"

"Sufuria."

"Sufuria gani?"

"Ile kubwa."

"Ile kubwa ndiyo iliyopikiwa pilau leo!"

Wageni walitazama sahani zao. Mwenda alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena kisha akasukuma sahani yake mbali. Bridgit alimnyooshea Jedida kidole. "Nyinyi wawili! Samaki wangu wapone, au nitawatangaza kutoka Mtwapa hadi Lamu. Wewe hutashona hata leso, na huyu hataosha hata bakuli."

Walikwenda Muyeye. Jedida aliufungua ule mfuko mmoja uliobaki kwenye tangi lake mwenyewe, akagawa mawe nusu kwa nusu, akayaweka katika maji yake ili yasikauke njiani. Hakuna aliyemwomba afanye hivyo. Walirudi Kilifi, wakapiga magoti bega kwa bega na mikono yao ikazama katika maji mamoja, Kombe akibadilisha maji, Jedida akishona mfuko mpya kwa uzi mwekundu. Jua lilipoanza kushuka samaki wa Bridgit walikuwa wameacha kuhema juu na kushuka chini, isipokuwa wawili waliokwisha kwenda.

Tangu siku hiyo Kombe alifika Muyeye kila asubuhi na mitungi miwili ya maji ya mvua kutoka Dabaso, abadilishe maji mpaka mawe ya Jedida yapate nguvu tena. Jedida alimfungulia mlango, akamwekea chai, na akaendelea kushona bila kumwangalia. Majirani walisema amemweka kijana wa watu jela. Hawakukosea sana. Lakini kila asubuhi alikuwa amekwisha kuoga na kujipaka mafuta kabla mitungi haijafika.

Kichupa kiliporudi njano, Kombe alikiinua kwenye mwanga. "Jedida. Nikitaka kutuma wazee kwenu, itakuwaje?"

"Watume."

"Umenisamehe?"

"Nimesema utume wazee."

Wakapanda wazee wa Dabaso mpaka Longonot, wamevaa makoti ya kuazima juu ya vikoi, meno yanagongana kwa baridi, wamebeba kibuyu cha mnazi, ile pombe ya kugema, ambayo hakuna mwenyeji aliyejua ainywe vipi. Mama yake Jedida aliwapokea. Waliposema shikamoo, salamu asiyoizoea, alicheka kwa haya akaitikia. Watu waliketi uani kuzunguka jiko la makaa. Kombe alikaa mbele katika shati lake la buluu, hana koti, kwa sababu hakutaka lifunikwe.

Desturi ya kule ni kwamba binti huletwa, akaulizwa mbele ya pande zote kama anawajua wageni. Akisema anawajua, mazungumzo yanaendelea. Akinyamaza, wageni hubeba vitu vyao na kurudi walikotoka, na hakuna wa kumlaumu.

Jedida alitoka ndani na gauni la rangi ya maziwa. Mjomba wake alisimama. "Mtoto wetu, watu hawa wametoka mbali wanasema wametumwa na moyo wa kijana huyu. Unawajua?"

Jedida alinyamaza.

Mjomba alikohoa. "Nakuuliza mara ya pili. Unawajua?"

Jedida alitazama vidole vyake. Mzee mmoja wa Dabaso aliinua kibuyu cha mnazi kidogo kutoka chini, kujiandaa. Mwaura alimkodolea dada yake macho. Baridi ya Longonot ilikuwa inauma masikio, lakini kwenye paji la uso wa Kombe jasho lilikuwa limetoka, na tone moja likamteremka mpaka kwenye kola. Jedida aliliona. Aliliacha lifike.

"Kwa mara ya mwisho," mjomba alisema kwa huruma.

"Namjua huyu wa buluu," Jedida alisema. "Ni mwizi. Aliniibia mawe."

Uani kukazuka zogo. "Mawe?" mama yake alisema. "Haya ya shambani?"

"Niliyoyapakia mimi?" Mwaura aliuliza.

Kombe alisimama. "Ni kweli, mama. Nilimwibia. Naye aliyachemsha, akanitia aibu mbele ya watu wote wa Kilifi. Ndivyo tunavyojuana."

Wazee walitazamana. Mjomba alijikuna kichwa. Katika miaka yote ya kuuliza swali lile, alikuwa hajawahi kujibiwa hivyo. "Sasa, mtoto," alisema, "ukituambia ni mwizi, tufanye nini? Tumfukuze?"

"Mkimfukuza," Jedida alisema, "mimi nitamlipiza nani? Msogezeeni kiti karibu na moto."